Naomba ushauri: wazee wa kanisa wameikataa mimbari niliyochonga

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni mchongaji hapa Changamwe, kazi niliyoachiwa na baba. Mwaka huu niliamua kumtolea Mungu kwa mikono yangu: nikachonga mimbari ya mwarobaini, na ubavuni nikamweka Yesu akiwaosha wanafunzi miguu. Vidole vya Petro peke yake vilinichukua siku mbili, patasi na msasa. Wazee wakasema hizo ni sanamu, wakanisomea Kutoka 20. Sasa iko kibandani, imefunikwa gunia.

Mimi nasoma Kutoka 31, Bezaleli, yule fundi wa hema ya kukutania, akijazwa Roho hata achonge miti, na sura ya 35 anatiwa moyoni kuwafundisha wengine. Hilo la kufundisha ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Kuna vijana watano mtaani, hawana kazi, wanataka nianze nao Jumamosi, na ukumbi wa kanisa siku hiyo huwa mtupu.

Je, nirudi kwa wazee kuomba ukumbi, au nianzie kibandani? Na mimbari, niikwangue ile michoro ili ipokelewe? Roho yangu inakataa. Waliopitia haya, hasa wachungaji, nisaidieni.