Kazi nafanya mimi, sifa anachukua mwingine, na bado minitsi naandikishwa mimi. Nifanyeje?

Mwanzisha mada

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kabla sijaacha kazi, maana barua nilishaianza jana usiku nikaifuta.

Nina miezi saba kwenye ajira yangu ya kwanza, kitengo cha uchambuzi wa data, tupo tisa na mwanamke ni mimi peke yangu. Tangu wiki ya kwanza minitsi za vikao naandika mimi. Hakuna aliyenipangia, mtu alinisogezea tu daftari akasema "dada andika wewe, una mwandiko mzuri", na mwandiko wangu alikuwa hajawahi kuuona. Sasa ukiwa unaandika kuchangia huwezi, ukija kuinua kichwa mada imeshapita, halafu kwenye tathmini naambiwa mimi ni msikivu ila sichangii vikaoni.

Kilichoniumiza zaidi ni cha wiki iliyopita. Nimekesha siku tatu nasafisha data, nikaandaa ripoti nikamtumia kiongozi wa timu aikague. Jumatatu tunaingia kikaoni naiona ripoti yangu kwenye projekta, ukurasa wa kwanza jina lake. Mimi nikiwa na wasiwasi na namba huwa naipaka ile selo (kile kisanduku cha namba kwenye jedwali) rangi ya njano ili nirudi kuihakiki, na mstari wa 214 nilisahau kuifuta. Ile njano ikawa inawaka pale ukutani, mkurugenzi akauliza hii ni nini, jamaa akababaika weee, mwisho akanigeukia, "hebu mrembo wetu waeleze". Nikaeleza. Mkurugenzi akamshukuru yeye.

Na hapo sijagusa meseji anazonitumia huyo huyo kiongozi saa tano usiku, "umeshalala?", "leo ulipendeza". Kijana tulioanza naye siku moja hatumiwi hizo. Yeye kwenye tathmini aliulizwa anataka kufika wapi kikazi, mimi nikaulizwa naolewa lini. Bado nipo kwenye kipindi cha majaribio, sijathibitishwa kazini, nyumbani wananiambia nivumilie. Hivi naonewa kweli au ndo kazi zilivyo?

Jibu la 1

Pole sana mdogo wangu. Unaonewa, wala usijiulize mara mbili. Nina miaka 14 kazini na hayo yote nimeyapitia, kasoro hiyo selo ya njano.

Anza na ripoti. Usimtumie mtu faili peke yake kimya kimya. Tuma kwa imeili, weka nakala kwa wote waliomo kwenye mradi, andika hivi, "ripoti niliyoiandaa nimeiambatisha, namba za sehemu ya tatu nimezihakiki, Jumatatu nitaielezea kikaoni". Mistari miwili tu, huna ugomvi na mtu, lakini kila mmoja ameshajua kazi ni ya nani kabla projekta haijawashwa. Na jina lako liweke chini ya kila ukurasa, sio wa kwanza tu, kufuta ukurasa mmoja ni rahisi sana.

Minitsi sasa. Mimi nilisema kikao kinapoanza, sauti ya kawaida kabisa, "mwezi huu nimeandika mimi, leo zamu ya nani?" nikalisukuma daftari katikati ya meza nikanyamaza. Mdogo wangu ule ukimya ulikuwa mrefu, nilitamani nilivute daftari nirudishe, mikono nikaikalia. Mwisho mzee mmoja akalichukua. Usijieleze wala usiombe radhi, ukianza kujieleza tu litakurudia.

Jibu la 2

Mi nakushauri uvumilie majaribio yaishe kwanza, ukishathibitishwa ndo uongee. Kazi ngumu kupata siku hizi, na mbona kusifiwa umependeza sio kosa.

Jibu la 3

Wewe hapo juu, kusifiwa saa tano usiku na mtu anayekuandikia tathmini sio kusifiwa. Atamjibuje bila kufikiria ajira yake?

Dada, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 190 mwaka 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, ukaanza kutumika Juni 2021. Unawataja hadi wanafunzi wa mafunzo kazini na wanaotafuta kazi, kwa hiyo hiyo habari ya kwamba upo kwenye majaribio haikutoi. Na unagusa pia mawasiliano ya kazi kwa simu na mtandao, sio lazima jambo litokee ofisini. Unazibana nchi zilizouridhia tu, kwa hiyo angalia yako kama imo, na sheria ya kazi ya kwenu inasemaje. Ila kuanzia leo usifute meseji hata moja. Piga picha ya skrini ionyeshe tarehe na saa, hifadhi kwako, sio kwenye kompyuta ya ofisi maana siku wakikufungia utabaki mikono mitupu.

Jibu la 4

Mimi mwanaume na naongea kama mmoja wa wale wanane. Ofisini kwetu ilitokea hivi hivi, nilijua kazi ni ya nani nikakaa kimya, yule dada aliondoka na mpaka leo inanisumbua. Tafuta hata mmoja hapo umwambie ukweli. Wanawake waliofanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Obama walikuwa na utaratibu wao, mmoja akitoa hoja mwingine anairudia na kumtaja aliyeitoa, hapo kuiiba inakuwa shida. Wewe ni peke yako lakini hilo hata mwanaume anaweza kulifanya, inatosha aseme "kama alivyosema dada hapa".

Jibu la 5

Mwanasayansi wa nyota Jocelyn Bell Burnell alikuwa bado mwanafunzi mwaka 1967 alipoona alama za pulsa za kwanza, yaani nyota zinazotuma mawimbi ya redio kwa mapigo, kwenye karatasi za darubini ya redio. Nobeli ya 1974 akapewa msimamizi wake na mwanasayansi mwingine wa kiume, yeye hayumo. Ameshasimulia mwenyewe kwamba waandishi wa habari walikuwa wanamuuliza msimamizi mambo ya sayansi, wakifika kwake wanauliza ana wapenzi wangapi. Kwa hiyo hilo swali la unaolewa lini lisikufanye uone tatizo ni wewe.

Mwanzisha mada

Asanteni sana jamani, nimesoma yote na nimelia kidogo. Mrejesho, ripoti ya wiki hii nimeituma na nakala kwa watu sita. Meseji nimejibu moja tu, "habari za kazi tuongee saa za kazi", na picha zote nimehifadhi. Leo daftari nimelisukuma katikati ya meza, nikahesabu moyoni mpaka kumi na tisa, akalichukua yule kijana tulioanza naye. Kwenye minitsi zake nimetajwa mara mbili.