Acheni kutuuzia Ducati zilizolala gereji miaka kumi kwa jina la "kilomita chache"!

Wakuu, salamu kwenu.

Uzi huu una hasira, na sitaificha. Waswahili wenzetu huku Uingereza wanapigwa mchana kweupe kwenye pikipiki za zamani za Ducati, hasa aina za 748, 916 na 996. Tangazo ni lile lile: "916 ya 1997, kilomita 14,000 tu, imetunzwa ndani, huduma kamili, MOT mpya." (MOT ni ukaguzi wa usalama wa kila mwaka hapa Uingereza.) Picha nyekundu inang'aa. Mtu anatoa akiba yake yote, wiki ya tatu injini imekufa barabarani, na muuzaji anajibu kwamba "ilitoka kwangu ikiwa nzima."

Haikuwa nzima. Ilikuwa inasubiri kukatika mkanda.

Injini hii ina mikanda miwili ya mpira yenye meno, mmoja kwa kila silinda, na ndiyo inayozungusha kamshafti, yaani mihimili inayoendesha valvu. Mpira haujui kilomita, unajua miaka. Ratiba ni kuibadilisha kila kilomita 20,000 au kila miaka 2, lolote litakalotangulia. Pikipiki iliyosimama miaka minane mikanda yake imekaa imejikunja kwenye puli pale pale, mpira umekauka na kushika umbo la kona ile. Siku inawashwa na kuvutwa mpaka mizunguko 9,000, meno yananyofoka. Kamshafti zinasimama, pistoni hazisimami. Pistoni inakutana na valvu iliyo wazi, valvu inapinda, gaidi ya valvu (mrija unaoiongoza) inapasuka, na mara nyingine pistoni yenyewe inatoboka. Mikanda miwili ni bei ndogo sana ukilinganisha na silinda hedi moja ya Desmoquattro, yaani injini hizi za valvu nne kwa kila silinda. Muuzaji anayejua hili na bado anaandika "huduma kamili" ni tapeli, na mimi sina neno lingine la kumwita.

Kwa hiyo ukisikia "kilomita chache", usifurahi, uliza maswali zaidi. 916 yenye kilomita 55,000 na bahasha iliyojaa risiti ni bora mara kumi kuliko ile ya 14,000 isiyo na karatasi.

Hapa Uingereza huna sababu ya kudanganywa kuhusu kulala. Historia ya MOT iko wazi bure kwenye tovuti ya serikali: ingiza namba ya usajili, utaona kila mwaka ilikaguliwa lini, ikiwa na kilomita au maili ngapi, na mkaguzi alilalamikia nini. Ukiona inakaguliwa kila mwaka hadi 2014 kisha kimya mpaka 2023, basi umejua ililala. Na tafadhali, acheni kuipokea "MOT mpya" kama ushahidi wa injini. Mkaguzi anaangalia breki, taa, matairi, beringi za usukani, na mengine ya usalama barabarani. Hafungui kava la mkanda.

Risiti ya mikanda iwe na tarehe, kilomita na namba ya pikipiki. Isipokuwepo, hesabu kwamba haijabadilishwa, na ukatae kuiendesha hata kwa majaribio. Mwenye nayo akikasirika, mwache akasirike.

Sasa nije kwa mafundi, maana nao wana dhambi yao. Wapo wanaobadilisha mikanda, wanamwaga oili, wanaandika "huduma kubwa" na kutoza pesa ya huduma kubwa, huku valvu hawajazigusa. Wanajua mteja hawezi kuona. Injini hii haitumii springi kufunga valvu kama injini nyingine. Kila valvu ina roka (vijimkono vya chuma) mbili, moja inaifungua na nyingine inaivuta kuifunga, na kila upande una shimu yake, kipande kidogo cha chuma cha kurekebishia nafasi. Valvu 8, shimu 16. Kuzipima zote ni lazima uvue maganda ya pembeni, tangi, boksi la hewa, betri, na mara nyingi rejeta ilegezwe isogee mbele. Ni kazi ya saa nyingi, ndiyo maana wanairuka.

Dawa yake ni moja: dai karatasi ya vipimo. Fundi aliyepima kweli ana namba 16 za kabla na namba 16 za baada, kwa sababu bila kuziandika hawezi hata kujua shimu ipi aagize. Aliyekuambia "nimezicheki ziko sawa" bila karatasi hajacheki kitu. Upande wa kufunga mafundi wazuri wanaacha nafasi kati ya 0 na milimita 0.05, shimu izunguke kwa vidole bila kucheza. Nafasi hiyo ikipanuka, kosa mara nyingi liko kwenye vile vipete viwili vya nusu duara vinavyoishikilia shimu ya kufungia: vinabonyea. Vikiwekwa vipya vinabonyea kidogo tena mwanzoni, kwa hiyo vipimwe upya baada ya kilomita 1,000 hivi. Nani anayewaambia wateja hili? Hakuna.

Wakati kava za valvu ziko wazi ndipo unapotazama ugonjwa unaowatisha wote wanaozijua hizi mashine: roka kubanduka kromu. Uso wa roka unaokanyagwa na kamshafti umepakwa kromu ngumu, na kwenye pikipiki nyingi za familia hii kromu hiyo hubanduka. Mulika kwa tochi ndogo, zungusha injini taratibu ili kila roka ionekane, kisha pitisha ukucha juu ya uso wake. Roka nzima ni laini kama kioo. Mbovu utaona ukingo, kama rangi inayobambuka kwenye bati la zamani, na ukucha unakwama pale pale. Ukiendelea kuiendesha hivyo, ukingo ule unaikwangua kamshafti, na vipande vinaingia kwenye oili. Fungua pia lile chujio la wavu la oili lililo ubavuni mwa injini. Ukikuta vijipande vinavyometameta kama pambo la kanga za harusi, pesa yako irudi mfukoni.

Ukienda kuiona, piga simu mapema useme wazi kwamba unataka kuikuta ya baridi. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye silinda ya mbele. Ikiwa na joto, imewashwa kukufichia jambo. Ducati ya baridi ndiyo inayosema ukweli: stata inazunguka kwa uzito gani, inatoa moshi gani, inalia nini. Ukisikia mkwaruzo mkali wakati wa kuwasha, klachi ya stata imeanza kuteleza, na kuifikia ni lazima ufungue kava la kushoto na kung'oa gurudumu zito la injini. Mara nyingi chanzo ni betri chovu na nyaya nyembamba za stata zilizotoka nazo kiwandani: stata inakosa nguvu, injini inarudi nyuma, klachi ile inakula kipigo. Nyaya nene kutoka betri hadi stata, na waya wa hasi uliosafishwa mpaka chuma, ni kazi ya mchana mmoja.

Kelele za klachi kavu hazina shida, ndivyo ilivyo.

Umeme upime mwenyewe, usiambiwe. Multimita kwenye betri: imezimwa usome volti 12.6 hivi. Iwashe, ipandishe mizunguko 3,500, usome kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya 13 haichaji, zaidi ya 15 regyuleta (kidhibiti cha chaji) inaichemsha betri. Halafu fuata nyaya za njano zinazotoka kwenye alteneta hadi kwenye plagi yake. Plastiki ikiwa ya kahawia au imeyeyuka, plagi hiyo imekuwa ikiungua muda mrefu. Kubadilisha regyuleta tu na kuiacha plagi ile ni kuunguza regyuleta mpya.

Na petroli! Pampu na filta ziko ndani ya tangi, zimeunganishwa kwa mipira mifupi. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, yenye ethanoli, na mipira ya zamani inaoza nayo. Mpira unapasuka ndani ya tangi, hakuna tone linaloonekana nje, presha inashuka, na pikipiki inakatakata ukiivuta. Kisha mtu anauziwa kompyuta ya injini, koili na plagi bure. Kibaya zaidi, fundi kanjanja anaweka mpira wa petroli wa kawaida. Huo umetengenezwa kubeba petroli ndani yake tu, ngozi yake ya nje haihimili kuzamishwa. Unaofaa ni wenye maandishi SAE 30R10. Usipouona umeandikwa hivyo, usiuzamishe.

Kwa aliyekwisha kununua iliyolala: usibonyeze stata. Toa plagi zote mbili, weka gia ya sita, inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono kuelekea mbele tu. Badilisha mikanda kwanza, na uzungushe roli zake kwa vidole. Yenye mchanga ndani itupwe. Usikaze kupita kiasi, mkanda uliokazwa sana unaua beringi. Kipimo cha gereji kwa injini hizi za valvu nne: ufunguo wa pembe sita wa milimita 6 upite kati ya mkanda na roli isiyosogea kwa kubana kidogo.

NYONGEZA kwa mlioniuliza kuhusu 900SS ya kabureta, Ducati nyingine ya zamani: ufunguo hapo ni milimita 5, shimu ni 8 tu, na haipozwi kwa maji, kwa hiyo kazi ni nyepesi. Lakini zile za mwanzo wa miaka ya 90 zinakatika stadi za silinda, yaani boliti ndefu zinazoishikilia. Kagua moja moja kwenye mzizi wake, na kama kuna oili inayovuja chini ya silinda, usilipe kabla ya kujua inatoka wapi. Wenye namba za mafundi wanaotoa karatasi ya vipimo, nitumieni kwa ujumbe wa faragha pamoja na picha ya karatasi yenyewe.