Hadithi za mwaka 2090 kuhusu Waafrika wa ughaibuni: waandike walioko nje, au sisi tuliopo?

Mratibu_Sakina:
Kundi letu la waandishi hapa Arusha linakusanya hadithi fupi za kubuni, mwisho maneno 3,000, kuhusu maisha ya Waafrika wa ughaibuni mwaka 2090. Wapo wanaotaka tupokee za wanaoishi nchini tu. Mnasemaje?

Mkulima_Uru:
Wa nchini tu. Wa nje wakiandika habari za siku zijazo, lazima mhusika arudi Moshi, apande kahawa Machi, Krismasi awe anachuma. Arabika huanza kuzaa mwaka wa tatu! Watu wa kuja Desemba wiki mbili watayajulia wapi?

Binti_wa_Marangu:
Hao wa wiki mbili ndio wanaolipa ada na kuezeka mabati huko huko Uru, kaka. Na kazi hii watu weusi wa Marekani wameianza zamani. W.E.B. Du Bois alichapisha mwaka 1920 hadithi ya nyota yenye mkia inayoangamiza New York, wakaonekana kubaki mwanamume Mweusi na mwanamke Mzungu peke yao. Walipotokea wengine waliopona, ubaguzi ukarudi saa ile ile. Kahawa inahusika wapi hapo?

Mkulima_Uru:
Sijagusa bati la mtu, nimesema kahawa. Joto likizidi, arabika inatafuta baridi juu zaidi. Huko juu kuna mpaka, na tangu 2005 msitu wa akiba wote umeingizwa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Mkulima wa 2090 chini ana joto, juu ana askari. Hadithi ni hiyo, na haihitaji vyombo vya angani.

Fundi_Njiro:
Vyombo vya angani vina hesabu zake, ndugu, tatizo ni waandishi kuziruka. Baba anafariki Old Moshi, mwana yuko sayari ya Mirihi, siku ya tatu ameshafika kumzika! Haiwezekani. Nafasi nzuri ya kurusha chombo hupatikana takriban kila miezi 26, na safari huchukua kama miezi 7 hadi 9. Hata neno "poleni" linatumia kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari hizo mbili ziko umbali gani. Kwa hiyo simu ya kujibizana haipo, kuna ujumbe wa sauti unaotumwa na kusubiriwa. Mwandishi akiuheshimu ucheleweshaji huo, msiba wenyewe unampa hadithi: ukoo umekaa, jeneza liko uani, jibu la mtoto bado liko njiani.

Mama_Kibosho:
Mwanangu, jibu lake silo linaloniumiza kichwa. Kwetu Uchaggani nyumba ya baba hurithiwa na kitinda mimba wa kiume. Kama huyo wa Mirihi ndiye wa mwisho, kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, anakaa nani miaka yote hiyo? Mfongo, mfereji wetu wa maji, usipozibuliwa, tope linajaa kwenye banio, maji hayafiki migombani. Na asiyetoka kuzibua na wenzake atadai zamu ya maji kwa uso gani?

Wakili_Ngarenaro:
Kabla ya mfongo kuna sheria. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, aliyezaliwa nje akifika miaka 18 akiwa na uraia wa nchi nyingine, asipoukana huo, wa Tanzania unakoma. Kisha Sheria ya Ardhi ya 1997 kama ilivyotungwa, ilimfungia mlango.

Binti_wa_Marangu:
1999, wakili. Namba 4. Na kihamba ni Namba 5 ya mwaka huo huo, ardhi ya vijiji.

Wakili_Ngarenaro:
Mwaka haubadilishi kifungu, dada. Kifungu cha 20, kama kilivyotungwa, kinasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mwandishi abadilishe sheria hiyo moja tu, aone ukoo unafanyaje. Akiongeza roboti na vita vya maji, nusu ya maneno 3,000 italiwa na maelezo na mhusika atabaki jina tupu.

Mzee_Usa_River:
Pete O'Neal, aliyeongoza tawi la Kansas City la Black Panther, chama cha kutetea watu weusi Marekani, aliingia Tanzania mwaka 1972, akaja kujenga Imbaseni, hapa Meru. Hakuwa na kihamba kilichomngoja wala ukoo wa kumpokea. Wazee wake waliuzwa, hakuna ajuaye walitoka kijiji gani. Nyinyi ughaibuni wenu ni wa Wachagga wenye viza tu. Mtu kama huyo, 2090, mjukuu wake anazikwa wapi?

Mama_Kibosho:
Shikamoo mzee. Hapo kwa "Wachagga wenye viza" umetukosea. Kuna vihamba vimebaki na bibi mmoja na kufuli, na hizo viza ndizo zilizowaondoa vijana.

Mratibu_Sakina:
Jamani, nimeuliza: wa nchini tu, au wote?

Mkulima_Uru:
Kwanza huyo wa Marangu aniambie banio la kwao linazibuliwa na nani.