Sensa ya kiatu, GPS na tredimili kila mmoja ana kilomita zake, nimwamini nani?

mwendo_pole:
Wakuu habari za mazoezi, naomba mnisaidie hapa maana nimeanza kuchanganyikiwa. Nina ile sensa ndogo ya kubana kwenye kamba za kiatu, inaongea na saa yangu kwa bluetooth, na saa yenyewe ina GPS yake. Sasa nikitoka nje GPS inasema kilomita 10.1 sensa inasema 9.6, njia ni ileile, mtu ni yuleyule. Nikipanda tredimili ndo kabisa, mashine inaniandikia 10 sensa inaniandikia 9.3, halafu sensa ikiwa haijaunganishwa saa inakisia yenyewe kwa jinsi mkono unavyocheza inaleta namba nyingine ambayo hata sijui imetoka wapi. Mimi shida yangu sio kujisifia umbali, nafuata programu ya mazoezi yenye siku za kukimbia kwa mwendo maalum, sasa kama sijui mwendo wangu halisi ni upi nafuata nini? Na je hii sensa inajuaje umbali wakati haina GPS ndani? Au nimeuziwa urembo wa kiatu tu?

kona_ya_nne:
Hujauziwa urembo mkuu, ila inaonekana uliitoa kwenye boksi ukaanza kukimbia nayo moja kwa moja bila kuiseti.

Nianze na inavyojua umbali. Ndani kuna kitu kinapima jinsi mguu unavyoongeza na kupunguza kasi, na nyingi za siku hizi zina na kingine kinachopima jinsi mguu unavyogeuka. Kutoka hapo inapiga hesabu mguu umeruka kwa kasi gani na umefika wapi. Hesabu ya namna hiyo ikiachwa iendelee tu inapotea haraka sana, kosa dogo linajumlishwa juu ya kosa dogo. Ujanja uko kwenye soli: kila unapokanyaga, kuna kipande kidogo cha muda ambacho mguu umetulia chini hausogei kabisa, kasi yake ni sifuri. Sensa inakijua hicho kipande na inaanza hesabu upya hapohapo, kila hatua. Ndo maana mahali pake ni kwenye kiatu, kwa sababu mkono hautulii hata sekunde, saa ikiwa mkononi bila GPS inabaki kukisia tu, na ukishika vyuma vya tredimili au ukisukuma kigari cha mtoto ndo inapotea kabisa.

Sasa kuiseti. Nenda uwanja wa riadha wa mita 400, kimbia leni ya kwanza ile ya ndani, mizunguko minne kwa mwendo wako wa kawaida wa siku ya mazoezi mepesi, usijikaze. Hiyo ni mita 1600. Angalia sensa imesema ngapi, tuseme imesema 1560, unagawanya 1600 kwa 1560 unapata kama 1.026, hiyo ndo unaizidisha na ile namba iliyopo kwenye mipangilio ya sensa ndani ya saa (saa nyingine wanaandika 1.000 nyingine 100, usishtuke). Na tafadhali leni ya kwanza, maana leni ya pili ni kama mita 407 kwa mzunguko, ya tatu inaongeza saba nyingine na kitu, mtu anakimbilia leni ya tano huko nje kwa sababu ndani kuna watu wenye spidi halafu anarudi kulalamika sensa mbovu.

soli_imeisha:
Naongezea kwa @kona_ya_nne, kabla hata ya uwanja angalia umeifungaje. Ikiwa inacheza kwenye kamba, ikatikisika kidogo tu kila hatua, huo mtikisiko nao unaingia kwenye hesabu. Ipitishe chini ya kamba mbili au tatu, sio moja, ikae bapa juu ya mguu isiwe imelala upande, halafu ibonyeze kwa kidole uone kama inasogea. Na ukibadilisha viatu pima tena, kiatu chenye soli nene laini na kile chembamba cha mashindano havikanyagi sawa, mimi kila kiatu nimekiandikia namba yake.

Wa zamani humu mtakumbuka ile ya Nike na Apple ya mwaka 2006, ile ya kuweka chini ya soli ya ndani ya kiatu cha kushoto halafu kuna kipokezi unachomeka kwenye iPod nano. Kiatu chenyewe kilikuwa na kishimo chake maalum, watu wa viatu vingine wakawa wanachonga soli kwa kisu au wanaishonea kimfuko kwenye kamba. Na betri ikiisha ndo basi, haifunguki, unanunua nyingine. Siku hizi nyingi unabadilisha tu kile kibetri bapa au unachaji.

napinga_kidogo:
Mimi naona mnamzungusha jamaa. GPS ipo, setilaiti zipo, kimbia nje tumia GPS basi. Hizi sensa zinaleta namba nyingi ambazo hazina kazi, mara mguu umekaa chini milisekunde ngapi, mara wati, yaani nguvu unayotumia kukimbia. Wati za baiskeli zinapimwa kweli, kuna kifaa kwenye pedeli kinahisi nguvu unayokandamiza, hizi za kukimbia ni makadirio kutokana na mwendo, uzito uliojaza mwenyewe na mlima. Watu wanazisoma kama vipimo vya maabara.

kona_ya_nne:
@napinga_kidogo kwenye wati nakuunga mkono nusu, ni makadirio kweli, ila mlimani yanasaidia kuliko kuangalia mwendo. Kwenye GPS hapana. Umbali wa jumla GPS inajitahidi, lakini jamaa kasema anafuata mwendo maalum, na mwendo wa papo kwa papo ndo udhaifu wa GPS. Ukibadilisha spidi ghafla saa inachelewa kujua kwa sababu inachukua wastani wa sekunde zilizopita, umeanza kupiga mita 200 za kasi, unakuja kuona mwendo sahihi umeshakaribia kumaliza. Weka na magorofa marefu yanayorudisha mawimbi, miti mingi, handaki, kona kali za uwanja, unakuta ramani inaonyesha ulikimbia juu ya jukwaa la watazamaji. Sensa inaona mabadiliko ndani ya hatua chache tu.

mwendo_pole:
Aisee asanteni sana. Kumbe. Sensa yangu kweli inacheza, nimeibonyeza sasa hivi imezunguka kama kifungo kinachotaka kukatika. Nitaenda uwanjani. Ila swali la tredimili bado, nikishaiseti nikakuta bado inapishana na mashine nani mkweli?

soli_imeisha:
Mara nyingi mashine ndo ina matatizo, hasa za gym zinazopigwa kutwa nzima. Mkanda ukilegea, unaganda kidogo kila unapotua na uzito wako, mashine inahesabu mzunguko wa mota tu. Unaweza kuipima: weka alama ya chaki au kipande cha tepu kwenye mkanda, pima urefu wa mkanda mzima kwa futi ya fundi mashine ikiwa imezimwa, halafu mtu mwingine akimbie juu yake we hesabu alama imepita mara ngapi kwa dakika moja (chukua video ya simu uipunguze kasi, kwa macho utakosa). Mizunguko mara urefu, hiyo ndo spidi halisi. Lazima kuwe na mtu juu, ikiwa tupu inakwenda vizuri tu inakudanganya.

hatua_fupi:
Kitu kimoja hamjamwambia. Kwenye saa nyingi ukiunganisha sensa kuna sehemu ya kuchagua itumike lini: ndani tu au siku zote, na nyingine zinatenganisha umbali na mwendo. Mimi nje nimeacha umbali utoke GPS, mwendo utoke kwenye sensa, ndani vyote vitoke kwenye sensa. Na zima ile ya kujirekebisha yenyewe kwa GPS, la sivyo utahangaika kuiseti uwanjani halafu siku moja umepita kwenye magorofa saa inakubadilishia namba kimyakimya.

mwendo_pole:
@hatua_fupi nimeikuta hiyo ya kujirekebisha, ilikuwa imewashwa. Nimezima. Sasa nikiwa naiseti kwa mwendo mwepesi, siku ya spidi itakuwa sawa au niiseti mara mbili?

kona_ya_nne:
Itapishana kidogo, kwa wengi ni kidogo sana. Iseti kwa ule mwendo unaoutumia zaidi, halafu siku ya spidi kimbia tena mzunguko mmoja hapohapo leni ya kwanza uone imesema ngapi. Ikiwa kati ya 396 na 404 achana nayo kabisa, fanya mazoezi.