Ulinganisho: maktaba huria za sheria, kanzidata za kulipia au blogu, kipi kwa kazi ipi?

Mleta_Hoja:
Mawakili wasomi, naomba tulinganishe vyanzo vya mtandaoni vya utafiti wa kisheria kwa ofisi ndogo isiyomudu kujisajili kila mahali. Kuna maktaba huria, yaani za bure, kama BAILII (ya Uingereza na Ireland), CanLII (ya Kanada) na AustLII (ya Australia). Kuna kanzidata za Westlaw na LexisNexis, ambazo hulipiwa. Kisha kuna blogu za wanasheria zisizohesabika. Sihitaji orodha ya tovuti, maana orodha zimejaa tele. Ninachotaka kujua ni kipi kinategemewa kwa kazi ipi, na tofauti ya kulipia na kutolipia inajitokeza wapi hasa pale wakili anapoandaa hoja zake.

Mkutubi_wa_Sheria:
Ndugu mleta mada, tofauti hiyo usiitafute kwenye matini ya hukumu. Tangu chuo cha sheria cha Cornell cha Marekani kilipoanzisha maktaba yake ya mtandaoni mwaka 1992, na AustLII ikafuata mwaka 1995, hukumu zimezidi kupatikana bila malipo. Isitoshe, mwaka 2001 mahakama za Uingereza zilianza kuzipa hukumu rejea isiyomtegemea mchapishaji yeyote na kuzitia namba kila aya, hivyo wakili hafungwi tena na namba za kurasa za vitabu. Chukua [2019] UKSC 41: rejea hiyo inakupa mwaka, Mahakama ya Juu ya Uingereza (UKSC) na namba ya hukumu katika mwaka huo. Ukitafuta kigezo ambacho majaji walikitumia kupima uhalali wa kuahirishwa kwa Bunge, nenda aya ya 50, nayo ni ile ile iwe umeifungua BAILII au Westlaw.

Tofauti iko kwenye yaliyoipata hukumu baada ya kutolewa: je, ilitenguliwa katika rufaa, ilifuatwa, au majaji wengine waliitofautisha na mashauri yaliyo mbele yao? Frank Shepard wa Marekani aliianza kazi hiyo mwaka 1873 kwa kuuza vibandiko vya gundi ambavyo mawakili walivibandika pembezoni mwa vitabu vyao vya hukumu. Leo huduma yake, Shepard's, imo ndani ya LexisNexis, na mshindani wake, KeyCite, yumo Westlaw. Unachokilipia, kwa maoni yangu, ni jicho la mhariri aliyekwisha kuisoma hukumu mpya na kukueleza imeifanya nini ile ya zamani. Mengine yote ni mapambo.

Rufaa_Daima:
Nakubaliana na Mkutubi kwa sehemu kubwa, ila asisahau kwamba hata upande wa bure una zana za aina hiyo. AustLII wana LawCite, na Google Scholar, iliyoanza kuweka hukumu za Marekani mwaka 2009, huonyesha ni hukumu zipi za baadaye zimeitaja ile unayoisoma. Kasoro yake ni kwamba kutajwa si kukubaliwa. Hukumu yaweza kutajwa kila mwaka kwa sababu tu kila jaji anatafuta njia ya kuikwepa. Itakubidi uzifungue moja moja uone kilichosemwa, na kwa shauri lenye hukumu chache zinazogusa hoja yako, saa hizo si hasara.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba BAILII haiziruhusu injini za kutafutia za kawaida kuorodhesha hukumu zake. Ukiandika jina la shauri kwenye Google usilione, usihitimishe kwamba halipo. Ingia kwenye tovuti yenyewe utafute humo.

Karani_Mkongwe:
Mnazungumzia hukumu tu. Kwa sheria zilizotungwa na Bunge, tovuti rasmi za serikali zinatosha, mradi usome maelezo ya juu ya ukurasa. Legislation.gov.uk ya Uingereza hukuonya pale ambapo kuna marekebisho ambayo bado hayajaingizwa kwenye matini. EUR-Lex, tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya, nayo hutoa matini zilizounganishwa na marekebisho yake, lakini hizo ni za kurahisisha usomaji tu. Yenye nguvu ya kisheria ni ile iliyochapishwa kwenye gazeti rasmi la Umoja wa Ulaya, ambalo toleo lake la kielektroniki ndilo halisi tangu tarehe 1 Julai 2013.

Wakili_Mchanga:
Na blogu je? Wengine wetu siku hizi tunaanzia kwenye akili mnemba kabisa.

Mkutubi_wa_Sheria:
Akili mnemba isikupe jina la shauri ambalo hujalifungua kwa macho yako. Katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mawakili mjini New York waliwasilisha hukumu ambazo hazikuwahi kuwapo. Mmoja wao alipoiuliza ChatGPT kama ni za kweli, ikamjibu kwamba zinapatikana LexisNexis na Westlaw. Juni 2023 mahakama iliwatoza faini ya dola 5,000. Dakika chache za kutafuta kwenye maktaba yoyote ya bure zingewaokoa.

Kuhusu blogu, mimi huzisoma ili nijue kuna jambo jipya, nikatoka mara moja kwenda kwenye hukumu. Mwandishi wa blogu hana wajibu wa kurudi kurekebisha makala ya zamani pale sheria inapobadilika.

Rufaa_Daima:
Hapo umezipunja. SCOTUSblog, iliyoanza mwaka 2002, hukusanya nyaraka za kila shauri lililokubaliwa kusikilizwa na Mahakama ya Juu ya Marekani, zikiwamo hoja za maandishi za pande zote mbili, na kuziweka kwenye ukurasa mmoja. Mleta mada akitaka kuona jinsi wakili mwingine alivyoipanga hoja inayofanana na yake, hukumu pekee haitampa hilo, kwa kuwa jaji huzifupisha hoja kwa namna inayomfaa yeye. Ningemshauri aanzie huko kwa mpangilio wa hoja, kisha aitafute kila hukumu iliyotajwa kwenye maktaba huria, na usajili wa kulipia auombe kwa muda mfupi tu, pale shauri linapokaribia kusikilizwa na anahitaji uhakika kwamba hakuna hukumu aliyoiegemea iliyokwisha kutenguliwa.