Rubani atoke kwenye sendika kubwa, yaani chama kikubwa cha wafanyakazi, ao abaki?

Mwana Kamalondo: Ndugu zangu, marubani wa American Airlines walitoka ALPA, sendika kubwa ya marubani wa Marekani, mwaka 1965 kama sikosei, wakaunda yao, APA. Mimi nasema walifanya vizuri. Sendika kubwa inabeba makampuni mengi. Siku maslahi yakigongana, kuna watakaotolewa sadaka. Rubani ajisemee mwenyewe. Yeye si dereva wa lori, ambaye ukimfukuza leo, kesho unapata kumi mlangoni.

Papa Trela: Mambo ya sendika yangoje. Neno hilo la dereva limenichoma. Naandika nikiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku ya tatu. Nalala chini ya trela, mbabula kando, mkono mmoja nasonga bukari, mwingine nashika tochi wasiniibie mazuti. Nyuma yangu kuna tani 30 za shaba. Breki zikikata kwenye mteremko, hao kumi wa mlangoni watazishika?

Mwalimu wa Katuba: Wa American walitoka 1963, si 1965. Na kabla ya kusifu kutoka, waangalie marubani wa US Airways. Kampuni yao ilipoungana na kampuni nyingine ya ndege, America West, mwaka 2005, ilibidi orodha mbili za ukongwe, yaani nani alitangulia kazini, ziwe moja. Kwa rubani ukongwe ndio kila kitu: ndege atakayorusha, likizo ya Krismasi, nani apunguzwe kwanza. Msuluhishi akatoa orodha 2007, wenye miaka zaidi ya 15 wakajikuta wamepangwa na walioajiriwa juzi. Wakakasirika, 2008 wakapiga kura, wakatoka ALPA, wakaunda USAPA. Ugomvi haukuisha; wakaburuzana mahakamani na wenzao miaka mingi. Wa FedEx nao walitoka, wakarudi ALPA 2002.

Mwana Kamalondo: Unaleta waliorudi tu. Wa American zaidi ya miaka 60 wamesimama peke yao, hao huwajibu. Na Papa, sikukutukana, nilisema hali ya soko.

Papa Trela: Uliniita mtu wa kubadilishwa kama tairi. Baba yako alifanya kazi gani?

Mwana Kamalondo: Baba yangu alichimba. Usimwingize humu.

Mama Ruashi: Tulieni, wanangu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi kwenye kampuni moja hapa. Karatasi zake za mshahara ninazo kwenye kopo la biskuti, kila moja ina mstari uleule: mchango wa sendika, umekatwa. Alipoachishwa, delege, mjumbe wa sendika, alikuja saa mbili usiku, akasimama mlangoni, kiti nilichompa hakukikalia, akasema, "Mama, tutafuatilia." Hakurudi tena. Kwa hiyo anayetaka kutoka namwelewa. Lakini mume wangu angekuwa ametoka peke yake, hata huyo wa mlangoni asingekuja.

Mwana Kamalondo: Pole sana, mama. Ila ingekuwa sendika ya mafundi tu, delege angekuwa mtu wa benchi moja na mzee. Angeona haya kutorudi.

Mwalimu wa Katuba: Haki ya kutoka naitetea. Hapa kwetu Kongo Mobutu aliunganisha sendika zote kuwa moja 1967, na mpaka 1990 hapakuwa na pengine pa kwenda. Ninachokataa ni kutoka kwa hasira ya orodha moja.

Papa Trela: Na 1941 mmeisahau? Desemba ile wachimbaji weusi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, waligoma hapa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, bila sendika, kwa sababu mweusi hakuruhusiwa kuwa nayo. Wakapigwa risasi uwanjani. Pale hakuna aliyeuliza nani fundi, nani mbeba udongo. Kamalondo, lile neno bado lipo.

Mwana Kamalondo: Neno la mlangoni nalifuta, Papa. Nisamehe. Lakini niambie, nyinyi wa Kasumbalesa mko sendika gani?

Papa Trela: Wengine wako. Mimi sina, patroni hataki hata kulisikia jina. Mwalimu, nikitaka kuandikisha watu, naanzia wapi?

Mwalimu wa Katuba: Majina kwanza. Mko wangapi kwenye foleni usiku huu?

Mama Ruashi: Na kazi ya kila mmoja iandikwe, Papa. Hata vijana wanaolinda mizigo.

Papa Trela: Nina daftari la safari, kurasa za nyuma ni nyeupe. Naanza na huyu wa mbele yangu, bado hajalala.