Ushauri: sumaku haielei juu ya kidonge changu cha itriamu, bariamu na shaba

Binti wa Maabara (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fizikia, na nimebakiwa na miezi mitano ya kukamilisha tasnifu. Mada yangu ni sapakondakta, yaani vitu ambavyo vikipozwa chini ya halijoto fulani hupitisha umeme bila ukinzani wowote na kuufukuza uga wa sumaku usiingie ndani mwake. Nilichagua oksidi ya itriamu, bariamu na shaba kwa sababu halijoto yake ya mpito ni kelvini 92 hivi, nayo nitrojeni kimiminika huchemka kwenye kelvini 77. Nilitumaini kwamba ningeweza kuonyesha sumaku ikielea bila kuhitaji heliamu, ambayo hapa kwetu si kitu cha kupatikana na mwanafunzi.

Nilipima gramu 1.513 za oksidi ya itriamu, gramu 5.289 za kabonati ya bariamu na gramu 3.198 za oksidi ya shaba, nikazisaga katika kinu cha akiki kwa saa mbili, nikauchoma unga kwa nyuzi 920, kisha nikausaga na kuuchoma tena mara mbili. Baada ya hapo nilishindilia vidonge vya kipenyo cha milimita 13 na kuvichoma kwa nyuzi 940. Vilitoka vyeusi na vigumu, vya kupendeza macho. Nitrojeni nilipewa na kituo kimoja cha uhimilishaji wa ng'ombe, ikiwa katika mtungi uleule wa aina wanayohifadhia mbegu za madume.

Nilikiweka kidonge ndani ya kikombe cha povu, nikamimina nitrojeni hadi mchemko ukatulia, nikashusha kipande kidogo cha sumaku ya neodimiamu kwa koleo la plastiki. Sumaku ilikaa juu ya kidonge kama jiwe juu ya jiwe. Nimejaribu vidonge vinne, na vyote ni hivyohivyo. Multimita inaonyesha omu mia kadhaa katika joto la chumbani, na ukinzani unapanda kidonge kinapopoa badala ya kushuka. Msimamizi wangu ameanza kunishauri nibadilishe mada, na mwenzangu mmoja anadhani kwamba kabonati niliyonunua ni mbovu. Naombeni ushauri wenu: kosa liko wapi, na je, nina sababu ya kuendelea?

Fundi Tanuri

Dada, pole kwa usumbufu. Nimezirudia hesabu zako kwa kalamu na karatasi, na uwiano wa moja, mbili na tatu uko sawasawa. Wengi hukosea hapo kwa kusahau kwamba oksidi ya itriamu ina atomu mbili za itriamu, wewe hukukosea. Kama ungezidisha itriamu, ungeona madoa ya kijani kibichi, kwa sababu kuna oksidi nyingine ya metali hizohizo tatu yenye rangi hiyo, nayo si sapakondakta.

Umetueleza jinsi ulivyopandisha joto, lakini hukutueleza jinsi ulivyolishusha. Naomba utuambie kidonge kilipoa namna gani baada ya nyuzi 940, na kilikaa juu ya nini. Vilevile tafadhali vaa barakoa na glavu unaposaga, kwa sababu kabonati ya bariamu ni sumu ikimezwa, na vumbi lake huingia mdomoni bila mtu kujua.

Binti wa Maabara

Ahsante sana kaka. Maabara yetu hufungwa saa kumi na moja jioni na hairuhusiwi kuacha tanuri likiwaka usiku. Kwa hiyo saa tisa nilizima tanuri, nikasubiri kidogo, na kipimo kiliposoma nyuzi 800 hivi nilivitoa vidonge kwa koleo refu na kuviweka juu ya kigae. Baada ya dakika chache vilikuwa vimepoa kiasi cha kushikika. Ndani ya tanuri vilikaa katika chombo cha alumina, juu ya tabaka jembamba la unga wao wenyewe.

Mzee wa Oksidi

Binti yangu, jibu umekwisha kulitoa wewe mwenyewe. Kabonati yako haina kosa.

Fomula ya kidonge hicho ina atomu moja ya itriamu, mbili za bariamu na tatu za shaba, lakini hesabu ya oksijeni haikai mahali pamoja. Inaweza kuwa 6, inaweza kukaribia 7, na tabia yote ya kidonge hutegemea imesimama wapi. Kidonge kikiwa hewani kwenye nyuzi 800 au zaidi, oksijeni huvukizwa hadi ikabaki 6.3 au 6.4 hivi. Kikishuka taratibu, huivuta tena kutoka hewani, na mahali fulani kati ya nyuzi 700 na 600 umbo la fuwele hubadilika: pande mbili zilizokuwa sawa, kila moja angstromu 3.86 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), hupishana zikawa 3.82 na 3.89, kwa kuwa oksijeni inayoingia hujipanga katika minyororo inayoelekea upande mmoja tu. Wewe ulikinyima kidonge nafasi hiyo. Ulikitoa kingali moto, kikagandia katika hali yake ya joto kali, na oksijeni haikuwahi kurudi.

Lakini nakuomba usikiite kidonge hicho kuwa ni takataka. Katika matabaka ya shaba na oksijeni, kila ioni ya shaba (atomu iliyopoteza elektroni) ina elektroni tisa katika ganda lake la nje liitwalo d, na mojawapo haina mwenza. Elektroni hiyo ni sumaku ndogo. Jirani yake, aliye ng'ambo ya atomu ya oksijeni, hulazimika kuelekea upande wa kinyume, na jirani wa jirani hurudi upande wa kwanza, kama miraba ya ubao wa drafti inavyopishana rangi. Hali hii ndiyo inayoitwa antiferomagneti. Sumaku ndogo zote zimejipanga kwa utaratibu mkali, ila jumla yake ni sifuri, na ndiyo maana kipande chako cha neodimiamu hakikuhisi chochote. Oksijeni ikiwa 6 kamili, mpangilio huo hustahimili hadi kelvini 400 hivi, yaani kupita joto la maji yanayochemka. Elektroni zenyewe hazisogei, kwa sababu kila moja ikitaka kuhamia kwa jirani inakuta amekwisha kuwapo mwenyeji, na msukumano wa hao wawili hugharimu nishati kubwa. Hapo utaelewa kwa nini ukinzani wako unapanda kwenye baridi.

Oksijeni inapojaza minyororo, hunyang'anya elektroni kutoka matabakani na kuacha matundu, yaani nafasi zilizokosa elektroni. Matundu hayo yanapotembea huvuruga ule mpangilio wa kupishana, na mpangilio ukishavunjika ndipo usapakondakta hujitokeza. Jambo hilohilo liko katika oksidi ya lanthanamu na shaba, ndugu wa ile ambayo Bednorz na Müller, wagunduzi wa usapakondakta katika oksidi za shaba, waliifanyia kazi 1986 huko Rüschlikon karibu na Zürich. Ikiwa safi ni antiferomagneti hadi kelvini 320 hivi. Ukibadilisha lanthanamu kwa strontiamu, kiasi cha 0.02 kwa kila atomu ya shaba kinatosha kuuua mpangilio wa sumaku, ukipita 0.05 usapakondakta unaanza; na kilele chake, kelvini 38 hivi, kiko karibu na 0.15. Miaka mingi nimeufundisha mchoro wa mabadiliko haya, na bado hunishangaza kwamba hali mbili zinazokataana namna hiyo zinakaa ubavu kwa ubavu katika kitu kimoja, zikitenganishwa na chembe chache za oksijeni au strontiamu.

Fahamu pia kwamba oksijeni ikisimama kwenye 6.6 hivi, halijoto ya mpito huwa kelvini 60 tu. Kidonge cha namna hiyo ni sapakondakta halali kabisa, ila nitrojeni yako haifiki huko, na ungekitupa kwa kudhani kuwa umeshindwa.

Mwanazuoni Mtulivu

Naheshimu maelezo ya mzee, lakini naona msimamizi naye ana hoja. Miezi mitano si mingi, na maabara isiyoruhusu tanuri kuwaka usiku itamchelewesha. Kwa nini asigeukie dioksidi ya vanadiamu? Hubadilika kutoka kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kuwa metali kwenye nyuzi 68 za selsiasi, kwa hiyo angehitaji kipashajoto kidogo na multimita tu, bila nitrojeni. Hata misombo ya chuma na aseniki, ambayo kundi la mtafiti Hosono wa Japani lilitangaza 2008 kuwa na usapakondakta kwenye kelvini 26, ina mpangilio wa sumaku ulio jirani namna hiyohiyo.

Dada Kemia

Ndugu yangu, dioksidi ya vanadiamu ni rahisi kuipima lakini si rahisi kuitengeneza, kwa sababu hewa ikizidi kidogo tu unapata oksidi nyingine za vanadiamu, na zipo nyingi. Aseniki sitamshauri mwanafunzi yeyote asiye na chumba cha hewa kilichofungwa vizuri. Huyu binti tayari ana unga ulio sahihi. Alichokosa ni usiku mmoja wa tanuri, na kibali cha usiku mmoja huombwa kwa barua.

Dada, fanya hivi. Pima kidonge kimoja kwa mizani inayosoma miligramu, ukiandika uzito wake kabla hujakigusa tena. Kirudishe tanurini, kipandishe hadi nyuzi 600, kisha ukishushe kwa nyuzi moja kila dakika hadi 450, ukiache hapo saa kumi na mbili au zaidi, halafu uzime tanuri bila kufungua mlango hadi lipoe lenyewe. Ukipata mtungi wa oksijeni ni bora zaidi, ila hakikisha kwamba hakuna mafuta wala grisi kwenye maungio yake, maana oksijeni tupu na grisi huwaka ghafla. Usipoupata, hewa ya kawaida inafaa; ni polepole tu.

Kisha pima tena. Oksijeni ikitoka 6.3 hadi 6.9, kila gramu ya kidonge itaongezeka kwa miligramu 15 hivi, na hapo utakuwa umeiona oksijeni ikiingia kwa mizani ya kawaida. Ili kupata hesabu kamili ya oksijeni, na siyo tofauti peke yake, tumia upimaji wa iodini: iodidi ya potasiamu, thayosulfati ya sodiamu na wanga, vitu ambavyo maabara yoyote ya kemia inavyo.

Jambo la mwisho: ukikitoa kidonge kwenye nitrojeni, umande huganda juu yake, na msombo huu huharibiwa na maji. Kioshe mara moja kwa spiriti kavu, ukikaushe kwa hewa ya vuguvugu na ukihifadhi pamoja na vifuko vya silika. Kama uko Pwani, usikiache wazi hata usiku mmoja.

Binti wa Maabara

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Niliandika barua, nikapewa kibali cha usiku wa Ijumaa kwa sharti kwamba mlinzi awe na namba yangu ya simu. Umeme haukukatika. Kidonge kilikuwa gramu 2.914 kabla, na Jumamosi mchana kilikuwa gramu 2.950. Multimita sasa inaonyesha chini ya omu moja, hata baada ya kuondoa ukinzani wa waya zenyewe.

Jumatatu nilikipoza. Sumaku haikupaa kama nilivyoona katika picha, lakini iliinuka upande mmoja, na niliweza kupitisha ukanda wa karatasi ya sigara chini yake bila kuigusa. Nilipoigusa kwa koleo, ilizunguka. Nilirudia mara tatu mbele ya msimamizi wangu, na mara ya tatu alilishika koleo yeye mwenyewe. Vidonge vitatu vilivyobaki sijavigusa. Naomba kujua kwa nini sumaku inainuka kidogo tu, na niviache vidonge hivyo jinsi vilivyo, au nivirekebishe vyote?

Mzee wa Oksidi

Marahaba, binti yangu, na hongera. Miligramu 36 kwa kidonge cha uzito huo ni ongezeko la oksijeni la 0.5 hivi kwa kila fomula. Kama ulianzia 6.3, umefika 6.8, ambako halijoto ya mpito bado iko chini ya kelvini 90, na huenda moyo wa kidonge umebaki nyuma ya ngozi yake, kwa sababu oksijeni huingia kutoka nje. Kirudishe kwenye nyuzi 450 na ukipime kila baada ya usiku mmoja, hadi mizani iache kupanda.

Vile vitatu usivirekebishe vyote. Kimoja kiache kama kilivyo, kiwe mfano wako wa antiferomagneti. Kingine kipashe joto hewani na ukitoe kikiwa nyuzi 600, na cha tatu kikiwa nyuzi 500, kila kimoja baada ya kukaa hapo saa kadhaa, kisha upeleke vipande vya vidonge vyote kwa maabara ya kemia ya chuoni kwenu vipimwe kwa iodini. Mpe msimamizi wako jedwali lenye safu nne: halijoto ya kutolea, kiasi cha oksijeni, mwelekeo wa ukinzani kidonge kinapopoa, na iwapo sumaku iliinuka.